Kuunganisha mifupa ya katikati ya mguu si kuzika mchezaji

Mchezaji akija anachechemea, akakwambia aliangukiwa kisigino wakati vidole vyake vimekita chini, usiishie kutazama kifundo. Geuza mguu utazame unyayo. Ukiona damu imevilia pale katikati, acha habari ya kuchua. Hapo panapotiliwa shaka ni ligamenti ya Lisfranc, inayoushika mfupa unaoelekea kidole cha pili usiachane na ule wa ndani. Lisfranc alikuwa daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, na alisifika kwa kukata miguu kwenye kiungo hichohicho.

Takriban mmoja kati ya majeruhi watano wa eneo hili hukosewa mara ya kwanza. Sababu kubwa ni eksrei ya kulala: mguu usiobeba uzito huficha mwanya kati ya mifupa hiyo miwili. Mgonjwa asimame, apigwe eksrei ya miguu yote miwili, ilinganishwe. Mwanya ukizidi milimita 2, jambo limeshakuwa zito. Akishindwa kusimama kwa maumivu, arudi baada ya siku kumi au wiki mbili, asiambiwe yuko salama.

Mifupa ikishaachana, ni operesheni, na hapa ndipo ubishi ulipo. Wengi hupendelea kuirudisha mahali pake kwa vyuma, ligamenti ipone, kisha mara nyingi vyuma vitolewe. Wengine huiunganisha moja kwa moja, iwe mfupa mmoja. Mwanamichezo akisikia "kuunganisha" anaona mguu wa ubao. Hofu hiyo naielewa, ila imekosea mahali. Viungo vitatu vya upande wa ndani husogea kidogo mno hata kwa mtu mzima wa afya. Kazi yake ni kuwa imara wakati wa kusukuma ardhi. Vinavyocheza zaidi ni vile viwili vya upande wa kidole kidogo, na hivyo kwa kawaida haviunganishwi. Kifundo kinabaki, vidole vinabaki.

Mwaka 2006, madaktari Ly na Coetzee walichapisha matokeo ya wagonjwa 41 ambao jeraha lao lilikuwa hasa la ligamenti. Waliounganishwa walijikadiria kuwa wamerudi kwenye asilimia 92 ya shughuli zao za awali. Waliowekewa vyuma tu, asilimia 65. Pima tofauti hiyo kwa winga anayeishi kwa mbio. Ligamenti iliyochanika haishiki tena kama mfupa unavyoshikana na mfupa. Chuma kikitoka, mwanya unaweza kurudi.

Wanaopinga wana hoja, na si ndogo. Wagonjwa 41 ni wachache, na hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Utafiti wa Henning na wenzake wa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana katika utendaji wa mguu, ingawa wenye vyuma walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi, hasa kwa kuvitoa. Mfupa uliounganishwa haurudi nyuma, wakati mwingine hukataa kushikana, na viungo jirani hubeba mzigo zaidi. Kijana ambaye mfupa ndio uliovunjika, ligamenti ikiwa nzima, awekewe vyuma. Mfupa wake utapona vizuri.

Muda wa kupona haupunguzwi na njia yoyote. Chet Holmgren, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Oklahoma City Thunder ya Marekani, aliumia eneo hili Agosti 2022, akafanyiwa operesheni, akakosa msimu mzima. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82.

Ninachokikataa ni kuunganisha kuwekwa mwisho wa foleni, kama adhabu ya mguu ulioshindikana, na mchezaji asielezwe kabisa kabla ya kulazwa mezani. Katika ule utafiti wa 2006, waliowekewa vyuma tu walikuwa 20. Watano kati yao maumivu hayakuwaachia, na mwishowe waliunganishwa vilevile.