Shamba la ukoo na haki ya kuuza

Mwaka 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya nchini Tanzania aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Jamaa yake akamshtaki. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulima ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Bi Holaria akashinda.

Wakati huo harakati za wanawake Tanzania zilikuwa changa. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ilikuwa na miaka mitatu, na TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, haijazaliwa. Hukumu hiyo iliwapa wanaharakati hoja nzito, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Wazee wa ukoo nao wana neno, na silidharau. Kibanja cha Mhaya kina migomba, kina pia makaburi. Kikienda kwa mgeni, wajukuu hawana pa kurudi. Lakini hofu hiyo haina jinsia: mwanamume anayeuza anawaacha wajukuu walewale bila kitu. Ndiyo maana naiona hukumu ya Mwalusanya kuwa ya busara kuliko wanavyoieleza hata wanaoisifu. Hakuufuta ukoo. Alisema jamaa anaweza kulikomboa shamba kwa kurudisha zile 300,000, kama ambavyo angelikomboa kutoka kwa mnunuzi aliyeuziwa na mwanamume.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wale wasemao mahakama haifiki mbali. Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa nyumbani na upande wa waume zao, kwa sababu kanuni zilezile za 1963 hazimpi mjane mwenye watoto fungu lolote. Zinasema atunzwe na wanawe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba kanuni zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Wajane hao wakapeleka shauri Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati yake inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kubadili kanuni hizo, miaka 25 baada ya ushindi wa Bi Holaria.