Sehemu ya 73 haikuja

Mwanzoni mwa 2024 nilijiwekea sharti: mwaka mzima nisiguse hadithi ya kubuni iliyoandikwa kabla sijamaliza shule. Nilikuwa nimechoka kusikia, na mimi mwenyewe kusema, kwamba riwaya ya Kiswahili iliishia kwenye vitabu vya mitihani. Mimi ni karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho. Kuanzia Oktoba sina hata muda wa kujibu ujumbe wa mama yangu, lakini miezi mingine jioni za Mikindani, huku Mtwara, ni ndefu, na nilitaka kujua watu wa leo wanaandika nini.

Haikufika Machi swali likawa limegeuka. Nikawa najiuliza hadithi ya leo inakaa wapi: kitabuni au kwenye simu?

Maana nilikuwa nasoma kote kuwili. Vitabu nilivipata kwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyenifundisha Kiswahili, au niliviagiza Dar es Salaam vikaja na basi. Maduka ya vitabu niliyoingia hapa mjini yana vitabu vya darasani na vya dini. Ukiona riwaya, jua iko kwenye mtaala. Hadithi za simu nilizipata kwa wifi yangu, ambaye yuko kwenye kundi la WhatsApp linalotuma simulizi sehemu baada ya sehemu. Sehemu kumi za kwanza bure. Ukishanogewa, unatuma pesa kwa simu ndipo uunganishwe na kundi la pili. Simulizi nzima haikunizidi elfu tano. Kitabu kimoja, ukijumlisha na gharama ya kifurushi, kilipita elfu thelathini.

Mei ikanionyesha kwamba njia zote mbili ni nyembamba. Kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa mwezi, na mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, Kilwa. Kifurushi changu kilikuwa upande wa pili wa maji. Nikajifariji na simu. Tarehe 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua nchi nzima. Nikabaki sina kitabu, sina sehemu ya 31. Nikavunja sharti. Nikachukua riwaya ya kijasusi ya Elvis Musiba, “Kufa na Kupona”, ya 1974, nakala ambayo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, nikaimaliza kwa siku mbili. Nitairudia hiyo.

Kwanza upande wa Mwalimu, kwa sababu hoja zake ni nzito kuliko anavyozisema. Yeye anasema tu, “Makapi hayo, mwanangu. Unatafuna, hushibi.” Lakini ukimbana anatoa ushahidi. Katika simulizi tuliyokuwa tukiifuata, mama wa yule binti alikufa na kuzikwa sehemu ya 12. Sehemu ya 41 akapiga simu. Hakuna mhariri aliyesoma kabla yetu. Sisi ndio tulikuwa wahariri, na tulikuwa tumeshalipa. Mwandishi alipoulizwa aliomba radhi kwa wapendwa wake wote na simulizi ikaendelea, mama akiwa hai.

Hilo ni kosa la kuchekesha, linasahihishika. Lisilosahihishika ni mkato. Kila sehemu lazima ikatwe mahali patamu: mlango unagongwa, simu inaita, bastola inatolewa, INAENDELEA. Mwezi wa kwanza nilidhani huo ni ufundi. Mwezi wa tatu nikaona kinachopotea. Fikra inayohitaji kurasa kumi za utulivu haina pa kukaa.

Nilikuwa nasoma sambamba “Peponi”, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994, kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Mimi nimeihesabu ya 2022, anayebisha aje tubishane. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, anapandishwa treni, akijua anakwenda kukaa na mjomba. Kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Msomaji analihisi mapema kuliko mtoto, na mwandishi hana haraka. Anakuacha ukae na hilo tumboni, humalizi kurasa chache bila kutaka kumpigia kelele mtoto wa watu. Kwenye simu siri ile ingefichuliwa sehemu ya pili, kwa machozi, na chini yake namba ya kulipia.

Kwa hiyo Mwalimu ana haki. Sasa njoo barazani kwetu.

Baada ya korosho kuchomwa kwenye bati, wanawake hukaa kivulini kubangua. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, kwa hiyo mikono imepakwa majivu mpaka kwenye vifundo, na hakuna anayeweza kugusa simu. Wifi yangu ana kidonda kidoleni, kwa hiyo ndiye msomaji. Anasoma, wengine wanagonga. Penye raha mawe yanasimama. Siku mama alipopiga simu kutoka kaburini, bibi mmoja alisema, “Si alikufa huyu?” Mwingine akajibu, “Labda mzimu, wifi, soma.” Wakabishana robo saa kama mzimu unaweza kumiliki laini ya simu, tena iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Kisha wakarudi kwa yule binti: kwa nini hakumwambia mumewe mapema, kwani amerogwa? Katika wote wanane, ninayejua amewahi kununua riwaya ni mimi peke yangu. Lakini kusoma kwao kulikuwa kusoma kweli, kwa kudadisi na kukumbuka, na kosa la sehemu ya 41 wao ndio waliliona. Mimi lilinipita.

Nikampelekea Mwalimu hoja hiyo, nikaongeza ya Musiba. Riwaya za aina yake nazo ziliwahi kuitwa takataka na wasomi. Leo nakala zake zinatafutwa, na Mwalimu mwenyewe anaifungia yake kabatini. Alicheka. Akasema tofauti ni kwamba Musiba alijua mwisho wake kabla ya kutuuzia mwanzo.

Jibu hilo lilinikaa. Nadhani lawama yake imekosea mlango tu. Kasoro haiko kwenye simu, iko kwenye malipo ya kila kipande. Sisi wa mizani tunalijua hili: ukilipa kwa uzito, hakosekani atakayelowanisha korosho. Mwandishi anayekula kwa sehemu ataongeza sehemu. Wakati huohuo anayeandika vizuri kwa subira anasubiri tuzo. Iko ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na tangu 2023 tunayo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Zimefanya kazi, sikatai, maana miswada imekuwa vitabu. Ila vitabu hivyo vikishapigiwa makofi ukumbini, kufika hapa ni safari nyingine, na barabara mmeisikia.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili ziliniudhi nalo sawasawa. Kusini hatumo. Katika vingi nilivyosoma mwaka ule, karatasi na simu, watu wanaishi Dar es Salaam au Unguja. Mtu wa kwetu anapita kama mlinzi, kama mganga, kama msichana wa kazi aliyetoka “kijiji kimoja huko Kusini”. Machinga wamejaa kila ukurasa, wakifukuzwa na mgambo na mizigo yao. Neno hilo ni jina la watu wa Lindi, lakini nani analikumbuka? Neno limepata makazi mjini, wenyewe hawamo. Na hii pwani si bubu. Utenzi wa Vita vya Maji Maji uliandikwa na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Ebrahim Hussein, aliyeandika “Kinjeketile”, ni wa Kilwa.

Riwaya pekee mwaka ule iliyonipeleka kusini na kunikalisha ilikuwa ya M. G. Vassanji, “The Magic of Saida”, ya 2012. Daktari anarudi Kilwa kutoka Kanada kumtafuta msichana wa utotoni, na ndani yake kuna mzee mshairi na kivuli cha Maji Maji. Mwalimu aliachiwa nakala na mgeni. Nimesoma habari za Kilwa kwa Kiingereza, kamusi mapajani, nikiwa saa chache tu kutoka Kilwa. Niliifurahia na nilikasirika, na bado sijajua kipi kilizidi.

Simulizi ya wifi ilifika sehemu ya 72 mwezi wa Septemba. Yule binti, mmoja wa wale wa “huko Kusini”, amefukuzwa usiku na begi moja. INAENDELEA. Haikuendelea. Mwandishi hakupokea simu, kundi likajaa maswali, kisha matusi, kisha matangazo ya mikopo. Nilidhani barazani watakasirikia pesa zao. Walikasirika siku moja. Siku ya pili yule bibi akasema, mawe yakiendelea kugonga, “Basi mimi nawaambia. Huyu kwao Mikindani. Amepanda basi, ameshuka stendi usiku, amechukua bajaji.”

“Anamkuta nani?” wifi akauliza.

“Hamkuti mtu. Msimu huu? Wote wako mashambani.”

“Sasa atalala wapi, bibi?”

“Ufunguo uko chini ya kinu. Anaujua.”