Kabla ya kalkulasi, rudi kwenye mabano

Wanaoniuliza wajiandae vipi kwa kalkulasi, hisabati ya mabadiliko na miteremko, hutarajia niwatajie video za kutazama. Mimi huwarudisha kwenye mabano, na wengi hununa.

Tazama grafu ya x². Ili upate mteremko wake, unasogeza x kwa hatua ndogo h, unatoa thamani ya mwanzo, x², na kugawanya kwa h; kwa hiyo lazima ufungue (x + h)², yaani x² + 2xh + h². Wengi huandika x² + h² na kusonga mbele bila wasiwasi: wanatoa x², wanagawanya kwa h, inabaki h peke yake, na h ikikaribia 0 mteremko nao unakuwa 0. Basi grafu imelala bapa kila mahali, ilhali wao wenyewe wameichora ikipanda! Ile 2xh waliyoidondosha ndiyo inayozaa jibu, 2x.

Siwacheki. Kwenye (x + 6)/6 nami nilikuwa nakata 6 kwa 6 na kubaki na x, mpaka siku nilipoweka 6 mahali pa x nikapata 2, si 6. Tangu hapo kila hatua ninayoitilia shaka naijaribu kwa namba. Mbinu hiyo hufundishwa mara chache, nami naiweka juu ya fomula nyingi.

Kutafuta vigawo nako usikuonee haya. (x² − 9)/(x − 3), x ikikaribia 3: ukiweka 3 moja kwa moja unapata 0/0. Andika juu (x − 3)(x + 3), kata, inabaki x + 3, jibu 6. Kazi karibu yote imefanywa na aljebra. Kalkulasi imekuja mwishoni kuchukua sifa.

Vipeo: zoea kuiona 1/x² kama x⁻². Logarithimu, jua kanuni zake tu. Kwenye trigonometria sioni haja ya kukariri fomula ishirini, ila radiani usizikwepe, kwa sababu mteremko wa sin x ni cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani, si kwa nyuzi.

Unataka kujipima? Chukua f(x) = 1/x, kisha rahisisha [f(x + h) − f(x)]/h. Humo mna sehemu, mabano na funksheni kwa pamoja. Ukifika −1/[x(x + h)] bila kuchungulia popote, anza kalkulasi kesho. Ukikwama, angalia ni mstari wa ngapi, kwa maana hapo ndipo pa kuanzia mazoezi.