Laki Nane Zilizoshindwa Kumzika Mwenyewe

Mwezi uliopita nilikaa benki kwa saa mbili na nusu pamoja na mjane wa jirani yangu, hapa Chanthaburi, Thailand, tukisubiri jibu ambalo nililijua kabla hatujatoka nyumbani. Alikuwa ameshika daftari la benki la marehemu, lililofungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na pasipoti yake na hati ya kifo kutoka ofisi ya wilaya. Karani, binti mdogo mwenye adabu nyingi, alilipokea kwa mikono miwili, akalisoma, akaenda kwa meneja, kisha akarudi na kulirejesha kwa mikono miwili vilevile, akainama huku viganja vyake vimekutana kifuani. Ndani ya daftari lile mlikuwa na baht 812,000. Mwenye fedha alikuwa siku ya nne katika chumba cha maiti, na mkewe hakuwa na nauli ya gari la kumtoa.

Nimeishi katika mji huu miaka kumi na moja, nikinunua na kuuza mawe ya vito, mengi yakiwa spineli za Mahenge zinazoletwa huku kukatwa na kung'arishwa, na katika muda huo wastaafu wa Ulaya wamekuwa majirani zangu. Huyu alikuwa Mwingereza, fundi umeme wa zamani, aliyehamia mwaka 2010 alipofikisha miaka 65. Yeye ni wa tatu katika mtaa wetu kufa akiacha fedha ambazo hakuna aliye hai anayeweza kuzigusa, na ndiyo maana safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Fedha hizo si akiba ya kawaida. Mgeni mwenye miaka 50 au zaidi anayetaka kuongezewa mwaka mmoja wa kuishi Thailand kama mstaafu anatakiwa aonyeshe mapato ya baht 65,000 kila mwezi, au amana ya baht 800,000 katika benki ya Thailand, au mchanganyiko wa vyote viwili unaofikia kiasi hicho kwa mwaka. Mapato ya kiwango hicho jirani yangu hakuwa nayo. Pensheni yake ya serikali ya Uingereza iliganda pale pale ilipokuwa alipoanza kuipokea, pauni 97.65 kwa wiki, kwa kuwa Uingereza haiwapandishii pensheni raia wake wanaoishi Thailand. Mwenzake aliyebaki kwao alikuwa akilipwa pauni 169.50 mwaka 2024 kwa pensheni ileile. Kwa hiyo aliuza nyumba yake ndogo huko kwao, akaleta laki nane, akaziweka katika akaunti yenye jina lake peke yake, kwa sababu akaunti ya watu wawili huzua maswali kwenye dirisha la uhamiaji na kila mzee hushauriwa na wenzake aikwepe. Kadi ya mashine hakuichukua kabisa. Aliniambia aliogopa asije akatoa hata baht elfu moja kwa kusahau, hesabu ikapungua.

Nililifungua daftari lile pale benki. Lina kurasa nyingi lakini miamala michache mno: riba ya Juni, riba ya Desemba, na kila Agosti baht 100 iliyowekwa taslimu. Hiyo baht 100 ndiyo wazee wote huiweka asubuhi ya siku ya kwenda uhamiaji, ili daftari lionyeshe tarehe ya siku hiyohiyo. Agosti baada ya Agosti, miaka kumi na zaidi, noti moja nyekundu kila mwaka. Kazi nyingine fedha hizo hazijawahi kuifanya.

Kabla ya mwaka 2019 mambo yalikuwa na nafuu kidogo, maana mzee aliyekwisha kupigiwa muhuri wa kuongezewa mwaka aliweza kutumia fedha zake na kuzirudisha kabla ya mwaka mwingine. Tangu tarehe 1 Machi 2019 kanuni inataka laki nane zikae miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha kwa mwaka wote uliobaki akaunti isishuke chini ya laki nne. Maana yake ni kwamba kwa miezi mitano hawezi kugusa chochote, na nusu ya fedha hizo haigusi maisha yake yote, labda aamue kuondoka nchini. Jirani yangu alipatwa na kiharusi wiki ya sita baada ya muhuri. Hospitali binafsi ilitaka amana kabla ya kumlaza, na yeye, akiwa bado ana fahamu na ulimi umemlemea, alimkataza mkewe asizungumze habari ya daftari. Hofu yake ilikuwa kwamba akipona atakuwa amepoteza ruhusa ya kukaa, na kwa umri wake, akiwa hana nyumba tena Uingereza, kupoteza ruhusa ni kupoteza kila kitu. Wakampeleka hospitali ya serikali, ambako madaktari walifanya waliloweza, na siku ya tisa akafariki. Sisemi kwamba fedha zingemwokoa. Ninasema kwamba mtu mgonjwa alizilinda fedha zake dhidi ya ugonjwa wake mwenyewe, na kanuni iliyomfikisha hapo imeandikwa ili kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kujitunza.

Nakubali kwamba Thailand ina haki ya kujilinda. Hospitali zake za serikali hubeba madeni ya wageni waliolazwa bila bima na kuondoka, au kufa, bila kulipa. Mpango wa serikali wa matibabu nafuu, uitwao wa baht 30, uliojengwa tangu mwaka 2002 ni wa raia, na kodi ya mkulima wa durian wa hapa Chanthaburi haikukusudiwa kumtibu fundi umeme wa Uingereza. Nakubali pia kwamba hakuna aliyelazimishwa kuhamia. Lakini kama lengo ni kuhakikisha kwamba mzee anaweza kulipia matibabu yake, basi aruhusiwe kuyalipia. Risiti ya hospitali ipokelewe dirishani kama sababu halali ya akaunti kushuka, naye apewe muda wa kuijaza tena.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nikose usingizi. Mama huyu, ambaye namwita *phi* kama ilivyo desturi ya huku kumwita dada mkubwa, aliishi na mzee miaka 13. Waliozwa kijijini kwao, watawa tisa wakasoma, mzee akatoa *sin sod*, mahari ya huku, mbele ya wazazi na majirani. Hawakwenda kuandikishwa *amphoe*, yaani ofisi ya wilaya, na kwa sheria ya Thailand ndoa isiyoandikishwa pale si ndoa. Hakuna kijiji kilichomtilia shaka kwa miaka 13, lakini hospitali, ubalozi na benki vilimtambua kama jirani tu. Maiti haikutoka mpaka ndugu wa damu walipopatikana na barua ya ubalozi ikaja. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti akiwa na shati la mzee lililopigwa pasi, amelipakata. Muuguzi alikuwa amemwambia kwa upole kwamba lazima mwenye haki ya kuamua ajulikane kwanza.

Mazishi yalifanyika kwa mchango wa mtaa. Hekalu halikutoza chochote, na mwenye duka la tambi alilisha waliohudhuria siku tatu.

Sasa fedha. Benki haina kosa katika kuzizuia, kwa kuwa akaunti ya marehemu hufunguliwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ombi hilo laweza kupelekwa na mrithi, mtu mwenye maslahi katika mali, au mwendesha mashtaka wa serikali. Warithi wa kwanza ni watoto, nao wako wawili Uingereza. Mmoja ametuma ridhaa yake haraka. Mwingine hakuzungumza na baba yake kwa miaka zaidi ya ishirini na bado hajajibu barua. Kila karatasi kutoka kwao inapaswa kuthibitishwa na kutafsiriwa kwa Kithai, na mwisho wa yote, bila wosia, kila baht ni ya watoto. *Phi* atapata watakachoona vyema kumpa. Mwanasheria alituambia kwamba anaweza kujaribu kudai sehemu ikiwa atathibitisha kwamba mali hiyo waliichuma pamoja, lakini fedha zilizotokana na nyumba ya Uingereza, iliyouzwa kabla hawajaonana, hawezi kuzidai kwa njia hiyo.

Kinachoniuma ni wepesi wa dawa yenyewe. Sheria ya madai na biashara ya Thailand, katika kifungu cha 1657, inamruhusu mtu kuandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, wote kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akaweka tarehe na sahihi, na hapo hahitaji shahidi hata mmoja. Akitaka uandikwe kwa mashine atahitaji mashahidi wawili wanaosaini pamoja mbele yake, na shahidi asiwe mtu anayerithishwa, wala asiwe mume au mke wake. Akitaka usalama zaidi aende *amphoe*, atamke nia yake mbele ya afisa na mashahidi wawili, afisa auandike na kumsomea. Mzee huyu alikuwa fundi mwenye mwandiko mzuri. Niliona vibandiko vyake kwenye kisanduku cha fyuzi, kila swichi imeandikwa jina la chumba kwa Kiingereza na Kithai. Ukurasa mmoja wa mwandiko ule, wenye tarehe na sahihi, ungetosha.

Kwa nini hakuandika? Kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna dirisha lililomwuliza. Uhamiaji walimwona kila mwaka wakalikagua daftari lake mstari kwa mstari, na kila siku 90 wakapokea taarifa ya anwani yake. Benki ilimwandikia barua ya kuthibitisha amana kila Agosti. Serikali ya kwao ilimfanyia upya pasipoti yake. Uhamiaji na benki walitaka kujua tu kama fedha zipo. Naomba karatasi moja tu, ya Kithai na lugha anayoielewa mzee, itolewe pale dirishani pamoja na fomu ya kuongeza mwaka, ikimweleza mambo matatu: kwamba akifa fedha hizi zitafungwa, kwamba ndoa ya kijijini haitoshi, na kwamba wosia unaandikwa *amphoe*. Nchi inayoweza kumtoza aliyepitiliza muda baht 500 kwa siku hadi 20,000, na kumfungia mlango miaka kumi, haiwezi kushindwa kuchapisha karatasi.

Yapo mengine ambayo wazee hulalamikia zaidi, kama kodi ya fedha wanazoingiza kutoka nje tangu Januari 2024, bima inayokataa watu wapya kadiri umri unavyosogea, na ardhi ambayo mgeni hawezi kuimiliki. Kuhusu ardhi nasema jambo moja: aliyejenga kwenye kiwanja cha mkewe aandikishe katika ofisi ya ardhi haki ya kukaa na kutumia mahali hapo maisha yake yote, maana mke naye hufa, na shemeji huja na watoto wao.

Nanyi wasomaji wangu mlio Uingereza, mliofanya kazi kwenye hospitali na mabasi ya huko miaka thelathini, mnaponiandikia kuuliza habari za kuja kustaafu huku, msidhani kuganda kwa pensheni ni jambo la Thailand peke yake. Itaganda vilevile mkirudi Tanga au Mombasa. Fanyeni hesabu zenu kwa kiwango cha siku mtakayoondoka, na anayekuja na mwenzi wake aje na cheti cha ndoa kilichothibitishwa, si picha za harusi.

Ijumaa iliyopita nilimsindikiza jirani mwingine *amphoe*, Mjerumani mwenye miaka 74 aliyekuwa mstari wa mbele kwenye maziko ya mwenzake. Mimi nilikuwa shahidi, na mwenye duka la tambi shahidi wa pili. Afisa alimwuliza maswali, akaandika polepole kwa Kithai, akamsomea, na mkalimani akarudia kila sentensi mpaka mzee akaridhika. Kazi yote haikufika saa moja, na ada yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana tulichokula baadaye. Alipopewa risiti aliikunja mara mbili na kuiweka ndani ya daftari lake la benki, kwenye ukurasa wenye laki nane zake.