Amemumaliza, au amempa libanga la bure?

Wimbo wa kumcheka mchambuzi wa mtandaoni ukitoka saa mbili usiku, kufikia asubuhi Lubumbashi imekwisha kugawanyika. Kwenye taksibisi ya kwenda Kenya (mtaa wetu, si nchi) kambi moja inasema "Amemumaliza!" Kambi ya pili inasema msanii amejishusha, kwamba mtu wa jukwaa habishani na mtu wa simu. Na kwenye kiti cha nyuma hakosekani yule anayeuliza kama wimbo unamhusu kweli huyo mchambuzi, maana jina halikutajwa. Taksibisi inafika mwisho wa njia na hakuna aliyeuliza la maana: mchambuzi alisema nini hasa, na je, wimbo umelijibu?

Hapo ndipo ninapoachana na kambi zote mbili. Mchambuzi wa aina tunayoijua, mwenye sauti ya kuvuta na kicheko cha puani, anayesimamisha wimbo wa watu kwenye sekunde ya 20 na kusema "haya, turudie, tuteseke vizuri", mara nyingi ana shtaka moja la ufundi lililofichwa ndani ya maudhi yake yote. Atasema viitikio vyako vinne vya mwisho ni kimoja. Atasema sebene, ile sehemu ya gitaa na dansi, inaanza kabla wimbo haujasema kitu. Ukimjibu kwa wimbo wenye kiitikio kilekile na sebene ileile, umemtilia sahihi ripoti yake. Watu wanabishana kuhusu nani ametukanwa zaidi, lakini mwamuzi mzuri ni fanatiki, yaani shabiki, wa mchambuzi mwenyewe. Akicheka yeye, wimbo umefika. Wakicheka wa kwako peke yao, umewaimbia waumini waliokwisha kubatizwa.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo linalowagombanisha watu zaidi. Katika muziki wa Kongo jina la mtu ndani ya wimbo ni bidhaa. Tunaita libanga, na wenye pesa wanalipa ili watajwe katikati ya sebene: mfanyabiashara, mwanasiasa, mwenye duka la simu. Sasa msanii anayemtaja mchambuzi mara sita kwa hasira amempa mabanga sita bila faranga moja kuingia mfukoni. Wimbo unapigwa baa, wasiomjua wanauliza huyo ni nani, wanamtafuta, wanamfuata. Mwaka 2022 hata rapa Drake aliingia katika mtego huo, tena bila wimbo: alimwandikia Anthony Fantano, mchambuzi wa YouTube anayezipa albamu alama hadi 10, ujumbe wa faragha wa kumdharau. Fantano akawatania watu kwamba ameletewa mapishi ya biskuti, Drake akaona bora auweke hadharani ule ujumbe wa kweli. Hasara ya hapo haikuwa ya Fantano.

Kutotaja jina hakumfanyi msanii asijulikane anamsema nani. Mwimbaji Tshala Muana, aliyezaliwa Elisabethville, yaani hapahapa Lubumbashi, mwaka 1958, alitoa "Ingratitude" mwezi wa 11 mwaka 2020, wimbo wa kumlaumu mtu asiye na shukrani. Jina hamna. Wasikilizaji wakaijaza nafasi wenyewe, wakamwona rais wa nchi ndani yake, na mwimbaji akakamatwa Kinshasa, akaachiliwa siku iliyofuata. Msikilizaji aliyelimaliza fumbo kwa kichwa chake analitetea kama mali yake, kwa sababu amelifanyia kazi.

Pwani walilijua hili zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipopata jina Unguja, walitokea wa kumwimbia kwamba ni mtu wa shamba, aliyekuja mjini na kaniki, na kwamba bila ile sauti asingekula. Hakubisha kuhusu kaniki. Hakuwataja waliomcheka. Alijibu kwa beti linalosema uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri. Ona alichofanya: alikubali shtaka lote la sura na ukoo, kisha akahamisha mizani iliyotumika kumpima. Wasanii wetu wengi wanafanya kinyume, wanakana kila kitu mstari kwa mstari, mpaka wimbo unakuwa kama karatasi ya wakili.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu. Chukua mstari wa mizani (silabi) 16, uliokatwa 8 kwa 8, ule uleule wa mashairi ya Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa. Jaribio la kwanza la msanii mwenye hasira huwa namna hii:

*Una pua ya mpira, na shati lako la deni,*
*Baba yako hana kitu, mama auza sokoni.*

Mizani imekaa, na ubaya nao umekaa. Pua haihusiani na kazi ya uchambuzi, kwa hiyo mchambuzi hajaguswa. Halafu huo mstari wa pili: mama anayeuza sokoni ni mama wa nusu ya watu watakaousikiliza wimbo. Msanii alikusudia kumpiga mtu mmoja, amewapiga akina mama wa soko la Kenya na watoto wao wote. Beti kama hili ndilo linalowapa kambi ya "amejishusha" hoja yao, na hapo wana haki.

Jaribio la pili ni la mtu anayejiona mjanja zaidi:

*Ulikula pesa zetu, ukasema wimbo duni.*

Huu ndio mstari wa hatari kuliko wote, ingawa hauna tusi. Unamshtaki mtu kwa tendo mahususi, kwamba alipokea pesa. Sheria ya jinai ya Kongo, kifungu cha 74, inamwangalia anayembandika mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi la kumvunjia heshima: kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Matusi ya hadharani yako kifungu cha 75, siku 8 hadi miezi 2. Yaani sheria inaliona lile la pesa kuwa zito kuliko lile la pua. Mafanatiki hawalijui hili, na ndio wanaomsukuma msanii: "Sema yote, yaya (mkubwa wetu), taja na kiasi!" Kutaja kiasi ndiko hasa kunakolifanya jambo liwe mahususi.

Jaribio la tatu linaacha mwili, linaacha mfuko, linashika tabia:

*Nyota mbili kwa arusi, nyota moja kwa kilio,*
*Bukari akaionja: "Tano. Haina mlio."*

Hapa hakuna jina, hakuna tusi, hakuna shtaka la kupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kuna mtu anayetoa alama kwa kila kitu, hata kwenye kilio, hata mbele ya sahani ya bukari (ugali wetu) anayoisikiliza kama santuri. Kila aliyewahi kumwangalia mchambuzi wa namna hiyo anamtambua, na fanatiki wake naye anacheka kwa sababu ni kweli. (Kina cha kati hakikupatana, na mtu wa Mombasa angekuwa ameshafunga daftari. Wimbo unasamehe zaidi kuliko shairi la kusomwa, lakini si sana.) Ile "tano" inatakiwa isemwe, isiimbwe, kwa sauti ya kuvuta kama ya mlengwa.

Namna ya kuitamka inaharibu beti nyingi nzuri. Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-LI-o, m-LI-o. Hiyo LI lazima ikae juu ya pigo. Msanii akichelewa nusu pigo, uzito unaangukia O, na mstari unasikika kama wa mtu anayeimba Kiswahili kwa Kifaransa. Kicheko kinapotea na hakuna anayejua kimepotelea wapi.

Halafu kasi. Kwenye mapigo 90 kwa dakika, kipimo cha mapigo manne kinachukua sekunde 2.67. Ukiweka mizani 8 ndani yake unapata silabi 3 kwa sekunde, na kila neno linasikika. Marapa wanapenda kubana 16, silabi 6 kwa sekunde, kuonyesha pumzi. Kwa wimbo wa kujisifu, sawa. Kwa kijembe ni kosa, kwa sababu kijembe kisichosikika mara ya kwanza hakirudiwi. Anayekisikia mara ya tatu hacheki tena, anaelewa tu. Acha pigo moja tupu kabla ya neno la kuchoma, na mapigo mawili baada yake. Hayo mawili ni sekunde 1.3 ya kicheko. Prodyuza akiijaza nafasi hiyo kwa ngoma au mlio wa king'ora, amemla msanii wake.

Kuchanganya sauti pia kuna makosa yake. Wimbo huu utasikilizwa kwenye simu, si kwenye spika za baa. Spika ndogo ya simu inapoteza karibu kila kitu cha chini ya hertzi 200 au 300, kwa hiyo besi yako nzuri haipo. Konsonanti zinazotofautisha maneno, s, t, k, ch, zinakaa juu, kuanzia hertzi 2,000 hivi, na hapohapo ndipo gitaa la sebene linapopenda kukaa. Punguza gitaa desibeli 2 au 3 katika sehemu hiyo pale tu sauti inapoimba, kisha lirudishe. Sikiliza mchanganyo wote kwa spika moja ya simu iliyowekwa juu ya meza, ukiwa umesimama hatua tatu. Usiposikia "mlio", hakuna wimbo wa dhihaka, kuna wimbo tu.

Kwa upande huu napenda ala chache. Mji huu una karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, ambayo haigombani na maneno. Na tangu Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, hakuna sababu ya mtu wa Katanga kudai kwamba gitaa moja halitoshi kubeba maneno.

Urefu usizidi dakika mbili na nusu. Hali ya WhatsApp kwa miaka mingi ilikubali video ya sekunde 30 tu, na tabia ya watu imebaki hapo hata baada ya kipimo kuongezwa. Kiitikio na beti moja viweze kukatwa na kusimama peke yao ndani ya hizo sekunde 30. Mashabiki wa Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira, wanajua kufanya hivi bila kufundishwa: mstari mmoja, jibu moja, makofi, basi, na jukwaa la pili limeshakasirika.

Sauti ya mchambuzi mwenyewe usiikate kutoka video yake na kuibandika kwenye wimbo. Video ni kazi yake; akilalamika YouTube na wimbo ukaondolewa, chaneli yako inabeba onyo la siku 90, na maonyo matatu yanaifunga. Mtafute mwigizaji wa kuiga mvuto wake wa sauti, Lubumbashi haijawahi kukosa waigaji. Sauti iliyotengenezwa kwa akili bandia ni mbaya zaidi, kwa sababu inamtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema, na watu wake watakuwa na haki ya kulia.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, linafanywa na mafanatiki, na wakati mwingine na msanii akiwasikiliza: kulalamikia video ya uchambuzi kwa haki miliki eti imepiga sekunde 20 za wimbo. Video inaondolewa, mchambuzi anaandika pingamizi. Kuanzia hapo mlalamikaji ana siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuonyesha kwamba amefungua kesi. Nani atafungua kesi? Video inarudi, na juu yake kuna video mpya yenye kichwa cha habari ambacho mchambuzi asingeweza kukinunua: "Walijaribu kuninyamazisha."

Mchambuzi atajibu, hilo halina shaka. Ndiyo kazi yake, na wimbo umempa chakula cha wiki. Atausimamisha kwenye sekunde ya 20 kama kawaida. Kama beti limemshika tabia, kila atakapousimamisha atakuwa anauigiza wimbo mbele ya watu wake, na kila akitoa alama watamwandikia "haina mlio" chini ya video. Msanii asitoe wimbo wa pili. Wimbo wa pili ndio unaogeuza kicheko kuwa ugomvi, na ugomvi wa video una mwenye mazoezi zaidi, ambaye si mwanamuziki. Badala yake atoe ala tupu ya wimbo uleule, bila sauti, watoto wa mitaa ya Katuba na Kamalondo waweke beti zao juu yake. Kasi na ufunguo viandikwe kwenye jina la faili, maana swali hilo litaulizwa mara mia.