Ulizeni kwanza mwenye ofisi ya pamoja naye kapanga kwa nani

Kuna makala nimeisoma inayoshauri kampuni changa zikimbilie ofisi za pamoja, yaani zile ambamo kampuni nyingi hukodi meza ndani ya ukumbi mmoja, kwa sababu pango la katikati ya jiji halishikiki. Kwa kiasi kikubwa nakubali. Kampuni ya watu wanne, isiyojua kama mwakani itakuwa na kumi au wawili, haina sababu ya kujifunga miaka mitano kwa mwenye jengo, tena ilipie amana, samani na ukarabati kabla haijauza chochote.

Ila kuna jambo mwandishi kalipita haraka mno. Mwenye ofisi ya pamoja mara nyingi naye ni mpangaji: kachukua ghorofa nzima kwa mkataba mrefu, wewe anakukodisha meza kwa mwezi. Wateja wakipungua, pango lake liko pale pale. WeWork, kampuni ya Marekani ya ofisi za pamoja, ilithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019. Novemba 2023 ikaomba kinga ya mahakama ya ufilisi Marekani, ikiwa imelemewa na mikataba ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kutia saini ulizeni: yeye akishindwa kulipa pango, amana yangu nitamdai nani? Na nitapewa siku ngapi za kuhama?

Saa za chumba cha mkutano nazo zipigieni hesabu. Meza huonekana rahisi, lakini timu inayoongea na wateja kwa simu kutwa nzima italazimika kukodi chumba kila siku, na hapo ofisi ndogo yenye mlango wake huweza kuwa nafuu zaidi.