Bembea ya mwanangu iko baa

Nilirudi Dar es Salaam na mke, watoto wawili, kontena la vyombo na kigari cha kusukumia mtoto. Mke na watoto wako salama. Kontena lilitoka bandarini, hadithi yake ina siku yake. Kigari ndicho kilichoumbuka. Siku ya pili tu baada ya kufika nilimpakia mwanangu nikatoka naye kwenda dukani, hapa Goba. Hatukufika mbali. Magurudumu ya mbele yalizama mchangani, bodaboda akanipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyeingia njia yake, nikambeba mtoto begani na kigari nikakiburuta kurudi nacho nyumbani. Sasa dada wa kazi anakitumia kubebea madumu ya maji kutoka kwa jirani siku bomba likikauka. Kinabeba madumu mawili bila kulalamika, na nadhani kimepata kazi ya heshima kuliko ile ya mwanzo.

Tulikaa Reading, Uingereza, miaka kumi na minne. Ni mji wa watu kama 174,000 kwa sensa yao ya 2021. Dar kwa sensa ya 2022 ina watu milioni 5.38, kwa hiyo Temeke peke yake ingeimeza Reading na isishibe. Tangu turudi, swali ni moja: "Vipi, unapaonaje nyumbani?" Wanaouliza kutoka kule wanasubiri niseme najuta. Wanaouliza hapa wanasubiri niseme Ulaya ni baridi na upweke mtupu. Wote nimewachosha, maana kila nikijaribu kujibu najikuta naongelea muhogo na bembea.

Nianze na muhogo.

Kule Reading muhogo unaupata Oxford Road, kwenye maduka ya Wapakistani na ya Waafrika yaliyopangana pale. Umetoka Costa Rica, umepakwa nta ili usiharibike njiani, unang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Unanunua kwa kilo, unafika nyumbani unakata, nusu umeshaingia mistari myeusi. Ile nusu nyingine unaichemsha kwa nazi ya kopo na unakula kwa unyenyekevu, ukijiambia angalau. Neno "angalau" ndilo lililotulisha miaka yote ile. Angalau kuna unga. Angalau spinachi inafanana na mchicha.

Jumapili ya kwanza tuliwapeleka watoto Coco Beach. Kijana anachukua muhogo mbichi, anaumenya kwa kisu kikubwa kuliko mkono wake, anaupasua mapande marefu, unaingia kwenye karai la mafuta au unalala juu ya mkaa. Ukiiva anaupasua katikati, anatia chumvi, anakamulia ndimu, halafu anakuuliza, "Chachandu niweke?" Binti yangu ana miaka minane. Alimtazama yule kijana, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini orodha ya vyakula iko wapi. Nikamwambia orodha ndiyo huyo kaka aliyesimama mbele yako, muulize. Akaamkia: "Shikamoo." Kijana akacheka mpaka akaweka kisu chini, maana alikuwa na miaka ishirini hivi. Akampa kipande cha nyongeza kwa ajili ya ile shikamoo. Tangu siku hiyo mtoto huyu anaamkia kila muuza chakula, na mimi sijamkataza, kwa sababu biashara inalipa.

Feri, soko la samaki la Kivukoni, ilikuwa kazi ngumu zaidi. Watoto wangu walizaliwa mahali ambapo samaki ni kipande cheupe kisicho na kichwa, kimevalishwa unga wa mkate. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hanunuliwi samaki na mtu mwingine. Jumamosi asubuhi tukaenda sokoni wote wanne. Mnada umeshika moto, samaki wamemwagwa juu ya meza za zege, anayenadi anataja bei kwa kasi kiasi kwamba hata mimi niliyezaliwa Magomeni sikuwa napata kitu. Mke anafunua shavu la changu aone wekundu, anabonyeza mgongo, anakunja uso, anaenda meza nyingine. Mdogo wa miaka minne aliona pweza akiwa bado anakunja mkono mmoja, akapanda juu yangu kama mnazi. Baada ya hapo tukapeleka samaki kwa wale wa kuparua, kisha kwa wale wa kukaanga, na nusu saa baadaye tukawa tumesimama pembeni tunakula samaki kwa mikono huku pantoni linavuka kwenda Kigamboni. Yule yule aliyemkimbia pweza alikula vipande vitatu.

Na hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti ambayo kule sikuwa nimeipatia jina. Kule mkienda kula nje, mtoto ni mteja wake mwenyewe. Anapewa kiti chake kirefu, penseli za rangi, karatasi ya kuchora, na vyakula vyake vya peke yake: soseji, chipsi, njegere. Anahudumiwa vizuri mno, siwezi kusema uongo. Hapa mtoto hana orodha. Anakula mnachokula, ila meza nzima inamchambulia miiba. Kwa mama lishe mmoja jirani na kwa mama yangu, kabla sijamaliza kuagiza wali maharage, mwanangu alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Mama mmoja nisiyemjua kamuweka mapajani, anamlisha kutoka sahani yake na kumuuliza, "Mjukuu wangu, huko kwenu mnakula nini cha kukufanya mwepesi hivi?" Mwili wangu ulishtuka kwanza, kwa mazoea ya kule. Mtu usiyemjua akimgusa mtoto wako Reading, watu wanasimama. Mama yangu akaniona nilivyokakamaa, akaniambia, "Kaa ule wewe. Mtoto yuko kwa watu."

Nilikaa nikala. Nilikuwa sijakaa nikala chakula cha moto na mikono miwili huru tangu binti yangu azaliwe.

Mngeweza kuniacha hapo, nikaonekana mzalendo. Lakini kuna upande wa pili, na wenzangu waliorudi huwa wanaupitia haraka haraka wakielekea kwenye picha za pweza.

Reading tulikuwa na mahali pa kukaa. Katikati ya mji kuna bustani inaitwa Forbury, ina simba mkubwa wa chuma aliyesimamishwa mwaka 1886 kuwakumbuka askari wao waliouawa Afghanistan. Watoto wangu walikuwa wanamuita "simba wa babu" kwa sababu walidhani babu yao wa huku ndiye aliyemuua. Kuna Prospect Park yenye majani ya kukimbilia mpaka pumzi ikate. Kuna makumbusho ya mji, humo ndani kuna nakala nzima ya lile pazia la Bayeux, kitambaa kirefu cha kale kinachosimulia Wanormani walivyoiteka Uingereza, iliyodariziwa kwa mikono, unaingia bila kulipa senti. Na karibu kila mtaa una bembea. Bembea ya manispaa, imefungwa vizuri, chini yake kumewekwa mpira mtoto asiumie. Unaamka Jumamosi mfukoni huna kitu, unatengeneza mikate miwili ya siagi, unakwenda, watoto wanacheza kwa muda wa saa tatu, mnarudi. Hakuna aliyekuuliza unakunywa nini.

Ila sitaki mtu aone wivu kupita kiasi. Kwenye bembea ile nilisimama na mzazi mwenzangu mmoja, mwanaume wa makamo, watoto wetu wakipokezana. Tulionana hivyo karibu miaka minne. Tulikuwa tunaitikiana kwa kichwa. Mpaka naondoka sikujua jina lake, wala yeye langu, na siku ya mwisho nilitaka kumwambia nahama, nikaona nitamtisha.

Sasa tuje Dar. Wiki ya tatu binti akaniuliza, kwa Kiswahili chake kinachojikongoja, "Baba, bembea ziko wapi?"

Nilijaribu. Tulikwenda bustani ya mimea pale karibu na Makumbusho ya Taifa, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Miti yake ni mizuri na kivuli chake cha kweli, lakini imebaki kijisehemu tu cha ilivyokuwa, majengo yameikaba pande zote. Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo tulikipenda sana: nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo huko kwao, na tulikuta ngoma siku hiyo. Kwenda kwa treni ya SGR mpaka Morogoro ndiyo safari bora tuliyofanya, nauli 13,000 kwa mtu mzima, inaondoka kwa wakati uliotajwa, na nje Milima ya Uluguru inakuja kukupokea. (Lawama yangu ni moja: treni haisimami Chalinze. Mahindi ya kuchoma, korosho na mayai yanayopitishwa dirishani, hayo yote yameenda na basi.) Coco ni bure, na tunashukuru, maana ufukwe ule uligombaniwa miaka mingi kabla haujabaki wa wananchi. Lakini ufukwe mmoja kwa mji wa watu zaidi ya milioni tano, nenda Jumapili saa kumi jioni kisha uniambie umeegesha gari wapi.

Na penye geti pana swali. Sehemu moja, sitaitaja, tuliambiwa raia bei hii, wageni bei ile. Mimi na mke tukatoa vitambulisho. Watoto? Wana pasi za Uingereza, ingawa sheria yetu inawaruhusu kuwa na uraia wa pande mbili mpaka watimize miaka 18. Yule kijana wa getini alimtazama binti yangu, nywele zimesukwa mabutu na bibi yake wa Magomeni, mdomo umejaa ubuyu mwekundu, akasema huyu ni mgeni. Binti akamuamkia. Safari hii shikamoo haikushusha bei.

Basi bembea tuliipata wapi? Baa.

Sisemi kwa kejeli. Jirani yangu, baba wa watoto watatu, ndiye aliyenielekeza: "Nenda pale kwa juu, wana bembea nzuri, na mbuzi choma yao haina mpinzani." Nikaenda. Kweli, nyuma ya kaunta kuna uwanja wa mchanga, bembea nne, mtelezo, na jumba la kurukia la plastiki linalopuliziwa upepo. Watoto wamejaa, wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri nyama, spika inapiga muziki unaotikisa soda ndani ya chupa. Wamama wamevaa vitenge vya kanisani, maana wametoka ibadani moja kwa moja. Mzee mmoja alinifundisha kwamba ukiagiza nyama ukiwa ndiyo kwanza umefika watoto wanapata saa nzima ya kucheza, kwa hiyo usiwahimize wapishi. Nilicheka, halafu nikaona ana hesabu kamili.

Nawapenda watu wa pale. Watoto wangu wamepata marafiki wengi kwa Jumapili mbili kuliko niliopata mimi kwa miaka minne. Mbuzi ni mzuri, ndizi zimeungua pembeni inavyotakiwa, kachumbari ina pilipili ya kweli. Lakini nina neno. Mji unaoacha bembea zote ziwe mali ya mwenye baa umeamua kwamba mtoto wa asiye na elfu thelathini ya nyama Jumapili atacheza barabarani. Sisi tuliokulia Magomeni tulikuwa na viwanja. Havikuwa na bembea, vilikuwa na mpira wa makaratasi na vumbi, lakini havikuwa na ukuta. Sikukuu za Idi tulipelekwa Mnazi Mmoja kupanda bembea za mbao, Waislamu kwa Wakristo, tukarudi na nguo mpya zimechanika. Nimezunguka kutafuta viwanja vyangu vya utoto. Kimoja ni maduka ya fremu. Kingine ni gereji. Cha tatu kina geti jekundu na mbwa.

Watu huniambia hayo ni mambo ya nchi tajiri, kwanza tuwe na maji na barabara. Nasikia, na kigari changu kinachobeba madumu ni shahidi. Lakini kipande cha ardhi kisichojengwa hakigharimu kama barabara. Kinachogharimu ni kukilinda kisimezwe, na wakati nafasi ilikuwepo hatukuilinda. Goba hii ninayokaa ilikuwa mashamba juzi tu. Viwanja vinapimwa kila siku, nimeona ramani za madalali. Kuna maduka, kuna kanisa, kuna msikiti, kuna shule yenye basi la njano. Nilimuuliza dalali watoto watachezea wapi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, kila mtu ana uwanja wake ndani ya ukuta."

Jumapili iliyopita tulikuwa kule kwa juu tena. Nyama ilikuwa imeisha, mifupa imepangwa pembeni ya sahani, mke anaangalia saa kwa sababu kesho ni shule. Mhudumu akaja, akafuta meza iliyokuwa safi, akasimama. Mkononi kashika bili.

"Anko, tunafunga hesabu au unaongeza?"

Nyuma yake mdogo alikuwa juu kabisa ya bembea, miguu hewani, na mtoto wa mtu fulani anamsukuma kwa nguvu zake zote.

"Lete soda mbili, dada," nikasema. "Za baridi. Na usizifungue kwanza."